Mkia wa Baba Yetu

Bibi Sindano, fundi wa sare za shule, alikuwa Mkatoliki wa kuzaliwa. Bintiye alipoolewa na Mwanglikana, harusini hakukanyaga. Lakini mjukuu ni mjukuu. Alipoombwa kumbeba siku ya ubatizo, moyo ukalainika.

"Makanisa mawili yanatazamana, mama," binti alimwelekeza kwa simu. "Letu lina mlango wa bluu. Na kwenye Baba Yetu usishtuke. Sisi ule mkia wa ufalme na nguvu tunaunganisha hapo hapo, hatumngoji padri."

Alipofika, milango yote miwili ilikuwa ya bluu. Akaingia wa kulia. Ubani ukampokea. Padri mwenye vazi la kijani alisema, "Bwana awe nanyi," watu wakajibu vilevile kama parokiani kwake. Mama mmoja akapiga goti, akafanya ishara ya msalaba. Waliposimama kukiri imani, bibi akawasikia wakisema wanaliamini kanisa moja, takatifu, katoliki.

"Nimepotea," akajisemea. "Hawa ni wetu."

Akatoka kwa kunyata, akavuka barabara.

Ng'ambo nako akakuta ubani, vazi la kijani, watu wamepiga magoti. Akaketi nyuma, akimtafuta binti kwa macho, kila kilemba akikidhania ni chake. Ikafika Baba Yetu. Akasali hadi anapoishia siku zote, akatega sikio kusubiri mkia. Kanisa zima likanyamaza pamoja naye, padri akaendelea peke yake.

Kumbe huku ndiko kwa Wakatoliki. Akarudi alikotoka, mkoba kwapani.

Ubatizo ulikuwa umekwisha. Mtoto alikuwa mikononi mwa mama wa mkwewe, nywele zimelowa.

"Mama, ulikuwa wapi?" binti alinong'ona.

"Nilikuwa hapa. Halafu nikatoka."

"Kwa nini?"

"Niliona ni kama kwetu."

Binti akamtazama, asijue acheke au alie.

Ibada ilipokwisha, bibi alimfuata padri mlangoni. "Baba, umembatiza kwa maji?"

"Kwa maji, mama, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

"Na sisi ni hivyo hivyo."

"Ndiyo. Hata akihamia kwenu kesho, hawatambatiza tena."

"Sasa miaka miwili hii mimi na binti yangu tunanuniana kwa lipi?"

Padri akamshika mkono. "Yanayotutenga bado yapo, mama. Ila hili la leo halimo."

Jibu hilo halikumtosha. Mama wa mkwewe akamkabidhi mtoto. Bibi akamchora msalaba kwenye paji lililokuwa bado na unyevu, kisha akamgeukia bintiye, macho chini.

"Zile picha za harusi," akasema, "mlizihifadhi?"