Nyonga za Kuazima

Tulikuwa tumeshalivuka daraja la kuelea la Nyali, na Shangazi Kahaso alikuwa bado hajanyamaza. Alikaa nyuma ya baiskeli yangu, furushi mapajani, nami nikiisukuma kwa mikono, kwani kumpakia yeye na kukanyaga pedali kulinishinda. Sidi, binti wa kakake, alitangulia peku, viatu mkononi.

"Tsuma, sukuma kama mtu aliyekula."

"Nimekula, shangazi. Nawe umekula, ndiyo shida yenyewe."

Sidi alicheka bila kugeuka.

Tulikuwa twaenda Changamwe. Mwaka ule wa 1946 wafanyakazi wa reli walitayarisha mashindano ya urembo katika ukumbi wao, na zawadi ya kwanza ilikuwa cherehani ya mkono, mpya. Urembo wenyewe Sidi hakuujali sana. Aliitaka cherehani. Bibi mmoja wa misheni alimfunza kushona kwa sindano, naye alitaka kuishi kwa kazi hiyo. Lakini mzee Gona, mgema aliyefiwa na mkewe, alikuwa ameshaleta salamu za posa. Asubuhi ile Ngowa, babake Sidi, alimwambia waziwazi: "Ukirudi na cherehani, utakaa kwangu ushone. Ukirudi mikono mitupu nitamsikiliza Gona. Siwezi kumweka mzee wa watu mlangoni kila siku."

Mimi kwao nilikuwa mgeni tu, mtu wa njia niliyekuja kulala usiku mmoja nikakaa mpaka masika.

Matayarisho niliyaona yote. Sidi alipakwa liwa usoni, ule unga wa mti wa kunukia, akawa kama ukuta uliopigwa chokaa. Alifundishwa kutembea na viatu vya kisigino uani, kuku wakimkimbia. Gauni la poplini alilishona mwenyewe, likamkaa vizuri, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kahaso alikuwa Mgiriama wa zamani, aliyevaa hando maisha yake yote, ile sketi fupi ya marinda mengi, na chini ya hando mwanamke hufunga mto wa matambara ili nyonga zitokeze. Kwake yeye msichana asiye na mto hajavaa.

"Utasimama mbele za watu hivyo, kama mti wa kuanikia samaki?" alimwuliza.

"Shangazi, hili ni gauni."

"Na chini ya gauni kuna nini? Watasema kakangu hakulishi."

Mwishowe Sidi alilipanua gauni pande zote mbili, mto ukaingia. Shangazi ni shangazi.

Tulipofika Makupa mvua ikatukuta katikati ya tuta, bahari kulia na kushoto, hakuna pa kujibanza. Gauni lilikuwa katikati ya furushi, likasalimika. Mto Kahaso alikuwa ameukalia, maana kiti cha baiskeli ni chuma. Ulikunywa maji yote ya Makupa. Nilisema tuuache.

"Wewe huna mke," Kahaso akanijibu, "nyonga utazijulia wapi?"

Ukumbini waliitwa mmoja mmoja. Waamuzi walikuwa karani, mwalimu, na Bi Mwanarehema wa Jomvu Kuu, mama mwenye kazi ya kupamba maharusi. Sidi alitoka vizuri, kichwa juu. Alipofika katikati, mto uliolowa ukaanza kushuka, kisha ukazunguka taratibu mpaka ukakaa mbele, tumboni.

Nyuma yangu mtu akasema, "Huyu ameingia mmoja, atatoka wawili."

Ukumbi wote ulicheka. Sidi alisimama. Akatia mkono kwenye mpasuo wa ubavuni, akafungua kamba, na mto ukaanguka sakafuni kama kitu kilichotolewa kisimani. Akauvuka. Gauni sasa lilimpwaya. Akachomoa pini mbili ukosini, akakunja upande huu, akakunja upande ule, akaendelea kutembea.

"Mwanangu, kitu gani hicho?" Bi Mwanarehema akauliza.

"Ni cha shangazi yangu, mama. Atakifuata mwenyewe."

"Mimi mtoto huyu simjui," Kahaso akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni.

Cherehani alipewa Mwikali, binti wa mpiga makaa wa garimoshi, na ilikuwa haki yake. Hata mimi ningempa. Sidi alikuwa wa pili, akapewa mche wa sabuni. Akashukuru, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi na sabuni yake. Hakulia. Afadhali angelia.

Mwikali akamfuata, sanduku la cherehani kichwani.

"Hiyo gauni ulishona na nini?"

"Na vidole."

"Mimi kifungo nikiweka, kinatoka. Na baba ameanza kutafuta mtu wa kununua hii mashine. Sitaki iuzwe. Ikae kwako, ushone nayo. Mimi unishonee nguo zangu."

"Kwetu ni mbali, Kisauni."

"Basi iende Kisauni. Unishonee kama hiyo yako, lakini bila mtoto."

Hapo Sidi akacheka mpaka machozi yakatoka.

Kurudi, cherehani ilipanda baiskeli na Kahaso akatembea. Tulimkuta Gona uani kwa Ngowa na kibuyu cha mnazi aliougema mwenyewe. Ngowa hakuwa ameugusa, kwa kuwa kuuonja ni kukubali, ingawa kiu ilimsumbua tangu adhuhuri.

"Ni yako?" akauliza.

"Ni ya Mwikali, baba, aliyeshinda. Lakini mwenye kuitumia ni mimi."

Ngowa aliuzungusha mpini wa cherehani mara moja. Kisha akavua shati lake lililochanika begani, akampa. Sidi alilishona palepale, sisi sote tumesimama. Ngowa akalivaa, akanyoosha mkono juu na chini.

"Mzee mwenzangu," akamwambia Gona, "mnazi umeshachacha. Nenda nao salama."

Gona alioa mjane wa Mtwapa kabla ya mwaka kwisha. Mwikali aliolewa na dereva wa garimoshi, wakahamia Voi. Sidi alishona kwa cherehani ile mpaka akanunua yake, ndipo akampelekea Mwikali ile ya kwanza. Baadaye aliolewa na Dishon, karani wa Kipevu, wakapata watoto wanne. Ngowa alifariki kwa homa, na Kahaso akamfuata, wote kabla ya Uhuru. Mimi niliondoka masika ilipokwisha, nikaenda Tanga, na habari zao zikanifuata huko.