Unga wa Mgeni Aliyefagiliwa

Karanga kwangu haziingii. Tangu mjukuu wangu Kidoti aonje moja akavimba midomo, nilitupa hata kinu kilichowahi kuzitwanga. Kwa hiyo siku alipokunywa uji wangu akavimba ulimi, akawa anatafuta pumzi haipati, tukamkimbiza hospitali, swali la kwanza la binti yangu linanichoma mpaka leo.

"Mama, ulimpa nini?"

Uji, nikamwambia. Uji wa unga unaoununua wewe mwenyewe, kwa sababu duka lile lina cheti cha maabara kinachosema unga wao hauna hata chembe ya karanga. Kimetundikwa ukutani kwenye fremu ya kioo, na mtandaoni wamekiweka pia.

"Unga una cheti, Mama."

Maana yake mkosaji ni mimi, nisiye na cheti. Mtoto alipopata nafuu, binti akamhamishia kwake. Akasema kwangu hatalala tena.

Nikasema potelea mbali, simlilii mtu. Uongo, nililia. Kisha nikafunga mfuko wa unga uliobaki, nikaupeleka maabara ile ile iliyotoa cheti.

Majibu yakatoka: karanga zimo, tena si kidogo. Mpimaji akaniambia cheti cha dukani si cha kughushi.

"Sisi tunapima tunacholetewa, bibi. Walileta mfuko mmoja, tukaupima."

"Na hiyo mingine inayouzwa?"

"Hatujawahi kuiona."

Mimi ni fundi cherehani. Mtu hawezi kuniletea vipimo vya dada yake, nikamshonea yeye, halafu nguo ikimbana nikalaumu tumbo lake. Nikampitia binti yangu, nikamwambia twende dukani, na usinijibu.

Mwenye duka, mama mchangamfu, mashine yake ya kusaga ikinguruma nyuma, alitukaribisha vizuri. Nikamwekea majibu mezani. Akasoma, akaonyesha ukutani.

"Mama yangu, cheti si hicho hapo?"

"Hicho ni cha unga upi?"

"Wa hapa hapa. Siku ile tuliiosha mashine tangu asubuhi, tukabadilisha mpaka wavu wa ndani. Watu wa maabara utawapelekea uchafu? Mgeni akija si unafagia nyumba kwanza?"

Alisema hivyo bila wasiwasi wowote. Aibu ilipo hakuiona kabisa, na hilo ndilo lililonipandisha hasira zaidi.

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine ni kazi tu. Wa karanga anasaga, wa mahindi anasaga. Katikati tunapangusa." Akanitazama kwa upole, kama anayembembeleza mtoto. "Kizuri chajiuza, mama. Wateja wangu hawalalamiki."

"Na kibaya chajitembeza, tena siku hizi kinatembea na fremu. Mwanangu, huyo mgeni uliyemfagilia hakula unga wako. Aliyekula ni mjukuu wangu. Alikuwa anakufa mikononi mwangu, na mimi sijui nimfanye nini."

Akafungua mdomo, akataja jina la duka na miaka aliyohangaika nalo. Binti yangu akachukua mfuko mpya rafuni akamwekea mbele.

"Dada, huu nimpe mwanangu, au nisimpe?"

Mwenye duka akatazama fremu. Akatazama mfuko. Akajifuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na kitu.

"Sijui," akasema.

Neno fupi hivyo. Angelitundika hilo ukutani, nani angeumia?

Tulipotoka nje binti yangu akanishika mkono. Hakuwa ameushika tangu hospitali.

"Mama, jioni nakuletea Kidoti."

"Mlete," nikamwambia. "Na uje unieleze, mimi niliyekuzaa nikakulea, cheti changu ulitaka nikakichukue maabara gani."