Kumi na Mbili au Kumi na Sita

Kosa la kwanza lilikuwa la Mwalimu Breki mwenyewe, na ndilo lililomuudhi kuliko yote. Dalali alifungua milango yote miwili ya lile gari jekundu, akasema, "Karibuni, ingieni muionje," na miguu ya Mwalimu Breki ikampeleka moja kwa moja kwenye kiti cha abiria. Akakaa. Akavuta mkanda. Alipogutuka, kaka yake mkubwa alikwisha kujimwaga mbele ya usukani kama aliyeandikiwa.

Utamlaumu vipi? Miaka yote aliyofundisha watu kuendesha, kiti chake kilikuwa hicho. Wanafunzi walishika usukani, yeye alishika roho zao. Nusu ya madereva wa mji ule walipitia kwake, na jina la Mwalimu Breki walimpa wao, kwa sababu mkono wake haukubanduka kwenye breki ya mkono. Mwanafunzi akipitiwa, yeye huvuta, gari husimama, maisha yanaendelea. Lakini gari la shule ni la shule. Jioni ufunguo hurudi kwenye msumari wake ofisini na mwalimu hurudi nyumbani kwa miguu. Mganga hajigangi.

Kwa hiyo alidunduliza. Tangu usichana alitaka gari la aina moja tu: lile dogo la michezo, milango miwili, tumbo chini, gia za kutia mwenyewe. Alitaka kuliendesha kiti cha pembeni kikiwa kitupu, bila mtu wa kumwokoa. Siku aliposikia kwamba mawili yameingia kwenye yadi ya magari, moja la mwaka elfu mbili na kumi na mbili na jingine la kumi na sita, aliruka kwa furaha. Akafanya kosa la kusema nyumbani.

"Uende peke yako?" mama yake akaja juu. "Watakuuzia mkebe! Nenda na kaka yako."

Kaka yake! Muuza magodoro anayeendesha gari linalojibadilishia gia lenyewe! Mwalimu Breki ndiye aliyemfundisha, na gari la gia lilimtoa jasho mpaka akalikimbia. Lakini mama akishasema, amesema.

"Bosi," dalali aliinama dirishani upande wa kaka, "hii ndiyo ya kumi na sita. Taa mpya, sura mpya, skrini ya kugusa. Ile ya kumi na mbili pale chini ni ya kizamani, siwezi kumpa mtu wa hadhi yako."

"Naiona," alisema kaka, akiipapasa skrini. "Hii hata harusini unafika nayo. Nitakuwa naiazima."

"Anayenunua ni mimi," alisema Mwalimu Breki.

"Bila shaka," dalali akamjibu, kisha akamrudia kaka. "Na shemeji ataipenda, bosi. Ina kioo kizuri cha kujipodolea."

Shemeji! Damu ilimchemka Mwalimu Breki. Akamtazama kaka yake, akisubiri aseme huyu ni dada yangu, gari ni lake, jasho ni lake. Kaka alikuwa anatabasamu. Kuitwa bosi kulikuwa kumemkolea, na hakutaka kuliharibu neno hilo kwa ukweli.

Mwalimu Breki akaligeukia gari. Akapeleka mkono pale katikati ya viti, mahali ulipozoea kukaa, na vidole vikatumbukia kwenye shimo la kuwekea kikombe.

"Breki ya mkono iko wapi?"

"Mambo ya kuvuta vyuma yamepitwa na wakati, shemeji. Hii ni kitufe. Kile pale, karibu na goti la bosi."

"Na mlimani?"

"Mlimani inajishikilia yenyewe!"

Yadi yenyewe ilikuwa kwenye mteremko, geti juu, ofisi chini. Mbele ya ofisi, pale chini kabisa, ndipo lilipoegeshwa Kumi na Mbili, rangi ya buluu, paa limepauka kidogo kwa jua, limegeuziwa pua kwao. Kaka akawasha, akatia gia, likaondoka kwa kurukaruka mpaka karibu na geti. Mlinzi alikuwa bado anahangaika na mnyororo. Kaka akasimama, akajaribu kuondoka tena, akaiachia klachi kwa pupa. Gari likazima. Lilijishikilia kweli, kwa muda wa chafya moja hivi. Halafu likaanza kurudi nyuma.

"Breki!" alisema Mwalimu Breki.

Kaka akainama kutafuta kitufe.

Mkono wa Mwalimu Breki ukavuta hewa. Mguu wake ukakanyaga sakafu, pale ambapo gari la shule lina breki ya pili ya mwalimu, na sakafu haikusaidia kitu. Kwenye kioo aliliona lile la buluu likizidi kuwa kubwa. Dalali alikuwa anapiga mayowe. Roho ilimruka Mwalimu Breki, na haikuwa kwa ajili ya nafsi yake.

"Mguu wa kulia! Kanyaga! Kanyaga mpaka mwisho!"

Ilikuwa sauti ya darasani, na yule mwanafunzi wa zamani aliyelala ndani ya kaka yake akaamka, akakanyaga. Gari likasimama. Kati yake na Kumi na Mbili palibaki upana wa kiganja.

Kaka akajifuta jasho, akateremka, akampa dalali mkono.

"Umeona breki zake zilivyo kali?" alisema. "Tunachukua hii."

Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Mwalimu Breki alitoka na mlango ukapigwa mpaka mlinzi akageuka.

"Tunachukua, wewe na nani?"

"Dada, usilete hasira kwenye biashara. Nakufikiria wewe. Hii mpya, kesho ukitaka kuiuza—"

"Sitaki kuiuza kesho! Nataka kuiendesha leo! Maisha yangu yote nimekaa pembeni nikiwazuia wenzangu wasife. Leo gari ni langu, na bado umeniweka pembeni, na kidogo uniulie gari ninalolitaka kwa gari nisilolitaka! Nani kakutuma? Mama alikwambia unisindikize, hakukwambia uninunulie!"

"Kumbe ni dada yako, bosi?" alisema dalali.

"Na wewe! Lete ufunguo wa Kumi na Mbili."

Dalali, kwa mazoea, akamnyooshea kaka. Mwalimu Breki akaudaka ukiwa bado njiani.

Akaliendea lile la buluu, na mkono ukashika kitasa. Akatazama. Alikuwa upande wa abiria. Akajisonya mwenyewe, akalizunguka gari, akaingia panapostahili.

Breki ilikuwepo, fimbo nyeusi, ngozi imechakaa kwa kushikwa. Kaka akajipenyeza pembeni yake bila kualikwa. Mwalimu Breki akawasha, akapanda, na katikati ya mlima akasimama makusudi. Akaivuta breki. Gari likatulia tuli. Akaiachia klachi taratibu mpaka pua ikaanza kuinuka, akaishusha breki, wakapita getini, mnyororo umeshafunguliwa, bila kurudi nyuma hata inchi.

Barabarani akatia gia ya tatu. Injini ikaunguruma, na hasira zote zikamtoka kifuani, akacheka peke yake kwa sauti kubwa. Mbele palikuwa na kona.

"Taratibu bwana!" alisema kaka, na mkono wake ukatambaa katikati ya viti, ukaishika breki.

Mwalimu Breki akauchapa kofi bila kuondoa macho barabarani.

"Mikono magotini," alisema. "Hiyo ni yangu."