Makufuli Matatu Mfukoni mwa Koti

Fundi kufuli alikuwa na mwezi mzima hajafungua kibanda chake. Binti yake, aliyeolewa mji mwingine, alikifunga akaondoka na ufunguo. "Mwalimu wa mazoezi akikuandikia barua kwamba una nguvu, baba, nakurudishia. La sivyo, Jumatatu nampangisha mtu." Kufuli lenyewe mzee angelifungua amefumba macho. Lakini alikuwa ameahidi kutoligusa.

Tangu figo zimgomee, alikwenda hospitalini kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mwalimu alimfungia pedali miguuni mwa kitanda: akanyage nusu saa bila kusimama, awamu tatu mfululizo, ndipo apate barua. Mbili alishamaliza. Leo Ijumaa ilikuwa ya tatu.

Nesi alitazama mizani, akashika kiuno. "Mzee wangu! Kilo moja na nusu zaidi. Umeyabugia maji, eh?"

"Maji gani? Nanyonya vipande vya barafu kama mtoto anayeota meno."

"Basi mizani inakusingizia."

Mzee akapanda kitandani, roho inamuuma. Koti hakulifikiria. Hulivaa kila mara maana baridi ya mashine humwingia mifupani, na nesi, anayeujua uzito wa koti, huutoa kwenye hesabu. Mashine ikapangwa ivute maji yale ya ziada.

Saa ya pili ya kusafishwa akaanza kukanyaga. Kitanda cha kulia, mke alikuwa akimkanda mumewe mabega. Cha kushoto, dada mtu alimsomea kaka yake gazeti. Kando ya fundi kulikuwa na kiti kitupu.

"Hiki kina mtu?" akauliza mgeni mmoja.

"Chukua tu."

Dakika ya ishirini na tatu, shavu la mguu likajikunja kama kitambaa kinachokamuliwa. Akapiga ukelele, pedali zikasimama, macho yakaingia kiza. Nesi akaja mbio kuizuia mashine isiendelee kuvuta. Mwalimu akamnyoosha mguu. Walipovuta koti kumfunika, likagonga chuma cha kitanda: kong! Mwalimu akatoa kufuli moja mfukoni, la pili, la tatu.

Nesi akajishika kichwa. "Kumbe nimepima vyuma! Nikakukamua bure, baba. Nisamehe. Mbona hukusema?"

"Nilisahau. Nilitaka mikono ipate kazi, nikimaliza kukanyaga."

"Tutaanza upya," mwalimu akasema. "Awamu tatu."

"Dakika saba tu, mwalimu. Zifumbie macho."

"Nikizifumbia, ukaanguka kibandani, nani atakuokota?"

Fundi akayarudisha makufuli mfukoni.

Mchana, aliporudi chumbani kwake, alimpigia binti yake, akamweleza yote bila kuficha. Binti akacheka hadi akakohoa. Kisha akauliza, "Kwa nini lakini ubebe makufuli, baba?"

"Wenzangu wana watu wao pembeni."

"Wiki moja zaidi," binti akasema. "Kibanda sikitoi."

"Utakuja, basi, siku moja?"

"Nitaangalia, baba."

Neno hilo alishalisikia mara nyingi. Akaweka simu, akakaa ukingoni mwa kitanda na lile kufuli lililokuwa na kutu zaidi, akalichokoa kwa waya, akalipuliza, akalichokoa tena. Likalia tak, likafunguka. Akaliinua juu, akageuka na tabasamu kumwonyesha mtu. Pembeni hapakuwa na mtu.

Akalifunga tena, taratibu.