Tende Juu ya Paja la Nguruwe

Saa tisa mchana, wageni walipokwisha kunawa, Nakabugo aliingia kuondoa sinia katika chumba cha kulia cha Bwana Thani, mtaa wa Al Khuwair. Katika nyumba hiyo mfanyakazi alikula kilichobaki. Siku hiyo ulibaki ukoko na mifupa ya mbuzi. Nakabugo akautazama ukuta, akanyoosha mkono, akachukua mkate uliokuwa ndani ya picha.

Picha hiyo Bwana Thani aliinunua Uholanzi, katika safari ya kikazi. Ilionyesha meza yenye mkate, chaza, zabibu na paja la nguruwe. Kwa kuwa nguruwe hatundikwi katika nyumba ya Kiislamu, fundi Murshid wa mtaa wa Darsait alilifunika paja kwa rangi, akachora juu yake sahani ya tende.

Kesho yake Bi Mahfoudha, mke wa Thani, aliliona pengo.

"Nakabugo, mkate wa ukutani u wapi?"

"Nimekula, madam."

"Huna haya! Si ungeomba?"

"Niliomba nipakuliwe sahani yangu kabla ya wageni. Ulikataa."

"Na nnakataa tena. Sinia la wageni halimegwi."

Jumatatu Nakabugo alikula chaza, Jumatano zabibu. Bi Mahfoudha aliona nafuu, maana ukuta ulimlisha mfanyakazi wake. Ukoko akaanza kuwamwagia paka. Ijumaa Nakabugo alimaliza tende, na paja la nguruwe likatokea, jekundu, mbele ya mashemeji waliokuja kula.

Bwana Thani alihamaki.

"Wewe si Mkristo? Hilo lako. Limalize kabla ya Magharibi."

"Lote, bosi?"

"Na mfupa wake!"

Mashemeji walihamia sebuleni, wakanywa kahawa wakisubiri. Nakabugo alilimaliza. Hakuwa ameshiba hivyo tangu ashuke kwenye ndege kutoka Entebbe, miezi kumi na minne nyuma.

Pichani kilibaki kitambaa cheupe na kisu. Nakabugo akauliza kama sasa atapakuliwa kutoka jikoni.

"Ngoja," alisema Bi Mahfoudha. "Murshid anakuja."

Murshid alifika Jumamosi asubuhi na rangi zake, akaiteremsha picha.

"Nchore nini, Bi Mahfoudha? Biriani? Samaki wa kupaka?"

Bi Mahfoudha alifikiri kidogo.

"Usije ukamdekeza. Mchoree ukoko na mifupa."

Murshid alikuwa fundi mwangalifu. Ukoko aliuchora umeungua pembeni, na kwenye mfupa mmoja akaacha kinyama. Rangi ilipokauka Nakabugo alikula, amesimama.