Vituo vya Reli kwenye Kidonda cha Papa Soudi

Nililazwa hospitalini Kindu kwa ajili ya elimu: ukuta wa internat, bweni la shule yetu, nilioruka usiku, ulikuwa mrefu kuliko nilivyokadiria. Mguu wangu ulifungwa plasta, na vidonge vya maumivu vikafanya kitanda kielee taratibu, kama mtumbwi juu ya Lualaba.

Kwenye kitanda cha pili alilala Papa Soudi, dereva wa treni wa zamani. Mguu wake ulikuwa umezungushiwa kitenge, na harufu yake, nasema kwa heshima zote, ilitangulia kufika kila mahali. Dokta Aïcha alimwambia wazi kwamba kidonda kisiposafishwa leo, mguu utakatwa.

Mzee alikataa kufungua. Alieleza sababu akitazama dari. Wakati wa vita, treni ziliposimama na nyasi zikaota katikati ya reli, risasi ilimpata mguuni. Dokta mmoja kijana alifungua bandeji, akakimbia, akatapika mlangoni. Miaka yote kidonda kimekuwa kikifunga na kufunguka, na hata mke wake hajakiona.

Dokta Aïcha alivuta kiti, akakaa.

"Njo mimi yule dokta alikimbia, papa."

Mzee akashusha macho kutoka darini, akamtazama.

"Na leo?" mzee akauliza.

"Leo pia moyo unachafuka. Haijaisha hata siku moja. Nimejifunza tu kubaki."

Akaeleza kwamba kichefuchefu kikipanda, hutaja vituo vya reli kimoyomoyo, mikono ikiendelea na kazi. Mzee akamwomba ataje kwa sauti.

"Kindu. Kibombo. Kongolo..."

"Samba umeitupa wapi?" Papa Soudi alikasirika kweli. "Pale iko watu wanangoja na mizigo, dokta. Anza tena."

Na kwa hasira ile ile ya kazi, akafungua kitenge mwenyewe.

Nilifumba macho. Miti ikaanza kupita dirishani kama ndani ya treni, mirefu, ya kijani, bila mwisho. Nilipofumbua, dokta alikuwa amekunja pua bila kuficha, machozi yakimtoka, mikono imetulia. Kibombo. Samba. Nyama iliyooza ilidondoka kwenye bakuli, kipande baada ya kipande. Mzee alimtazama usoni tu, akingoja ageuke. Hakugeuka.

Walipofika Kabalo, mwisho wa vituo vyao, nusu ya kidonda ilikuwa bado haijasafishwa.

"Sasa tunarudi," akasema Papa Soudi, akausogeza mguu karibu na dokta. "Kongolo."