Mstari wa Atakayemchukua

...jina la kwanza, la baba na la ukoo, ndivyo fomu inavyotaka, jina la mtu atakayemchukua mbwa endapo mnunuzi atafariki au kushindwa kumtunza, na kalamu ninayo, wino unatoka, mistari kumi ya juu nimeijaza bila kufuta hata herufi moja, na huyu mama mfugaji ameketi ng'ambo ya meza simu mkononi, maana utaratibu wake ndio huo, ukishaandika anapiga hapo hapo, anamuuliza mhusika mwenyewe kama amekubali, ndipo mtoto wa mbwa atoke langoni... "Taratibu tu, mzee wangu, hatukimbizwi," anasema, na mtoto wa mbwa amelala juu ya kiatu changu, spanieli wa kahawia, masikio marefu kuliko akili, yeye ndiye aliyenichagua, mimi nilikuwa namtazama dada yake... mama yao nimeonyeshwa, nimemshika kichwa, nimeonyeshwa kadi za chanjo na picha za eksirei za nyonga zake, na karatasi ya ukoo, mama Zamaradi, baba Shaba, babu Kapteni wa Pili, vizazi vinne bila pengo, "Mbwa wangu wana ndugu wengi kuliko mshindi wa bahati nasibu," akacheka, nami nikacheka kwa adabu... safari ile ya kwanza ya kutafuta mbwa sikuuliza chochote, mimi niliyekaa miaka thelathini na minne nyuma ya dirisha la msajili wa vizazi na vifo, mke wangu alikuwa na wiki sita kaburini, nyumba kimya hadi nasikia jokofu likipumua, nikamchukua mtoto wa mbwa kwa muuzaji mmoja wa kwenye maegesho ya magari, kikapu begani, "mbegu safi, baba, ya ng'ambo," na aliposema mwenyewe bila kuulizwa kwamba mama yao kasafiri hata sikushtuka, mbwa kasafiri, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye akili zake, siku tisa tu, akafia kwenye shali ya marehemu, na daktari wa mifugo akaniuliza taratibu kama mama yake nilimwona... "Hata jirani anafaa," anasema mfugaji, "ilimradi mnafahamiana," jirani ananiita Bwana Msajili, huu mwaka wa kumi na moja tunaamkiana kwa kupungiana mkono, jina la baba yake silijui... mke wangu ningemwandika, mkono ulishaanza kushuka, nikauzuia... "Kwani mzee huna mtoto?" ninaye, nasema ninaye, binti mmoja, "Haya, si huyo! Mwandike nimpigie," nambari yake naijua kwa kichwa, sijawahi kuipiga... alikuja dirishani kwangu akiwa na mtoto kifuani, akapanga foleni kama wengine, na kanuni ilisema baba asiyefunga ndoa na mama sharti afike mwenyewe atie saini, na mwenzake alikuwa safarini kikazi, "Baba, si unamjua, Jumapili kala mezani kwako, ukampa kiti chako," nikamjibu watu wakisikia, hapa dirishani hakuna baba, kuna msajili, nikaandika kwenye nafasi ya baba wa mtoto, kwa mwandiko wangu ule mzuri, Hajulikani... "Ungesubiri arudi, wewe mwanamume," mke wangu alisema jioni ile, nikamwambia atarudi, atasaini, tutarekebisha, na hakurudi, gari la kazini kwao liliacha njia, na maiti haitii saini, basi neno lile limekaa pale miaka kumi na tisa, mjukuu wangu analitoa kila anapoombwa cheti... "Mzee?" nambari sina, nasema, na huo ni uongo, na fomu bado ni safi, mstari ule mtupu, "Basi bila jina siwezi, usinielewe vibaya, sikudharau, mbwa wangu wawili waliokotwa barabarani baada ya wenyewe kufa, nikaapa, ni utaratibu tu," anasema kwa upole, sauti haina hata chembe ya ubaya, naijua sauti hiyo, ndiyo niliyokuwa nayo dirishani, nami siku zote nilidhani anayeisikia anapata faraja, kumbe inasikika hivi ukiwa upande huu, kumbe hakuna pa kuishika... sijui kama mbwa namtaka tena, ninachotaka ni huyu mama aiache kanuni yake mara moja tu, hapa mbele yangu, avute fomu, aseme haya mzee nenda naye, nione mtu anavyofanya, nione mkono unaoiacha kanuni unapita wapi, kama unauma, lakini anangoja, kidole juu ya simu, hataiacha, ni mfugaji mwema, nami nisingeiacha...